Shamba Sugu

Mwenye nyumba wangu ana kasoro nyingi, na kwa miaka kumi na moja niliyopanga kwake hapa Kaptembwo nimezijua zote. Huingia bila kubisha. Huazima mkasi wangu wa vitambaa akaenda kukatia sukuma wiki, kisha anaurudisha umekuwa butu na bado ananiuliza kwa nini nimenuna. Kuku wake anawasemesha kwa sauti ya upole ambayo hajawahi kuitumia kwa mpangaji hata mmoja. Pamoja na hayo yote, mwaka ule nilipougua na cherehani ikakaa miezi miwili bila kuguswa, ni yeye aliyenipikia, kwa hiyo anayetaka kumsema vibaya aje aniombe ruhusa kwanza.

Jina lake ni Jepchumba. Wateja na wapangaji tunamwita Mama Chemutai, kwa jina la binti yake wa pekee. Mimi ni Wangare, fundi wa nguo, na dirisha la chumba changu linatazama banda lake la kuku. Haya ninayoyaeleza mengi niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyasikia nikijifanya nashona.

Alizaliwa karibu na Njoro, mtoto wa kwanza wa mtu aliyefanya kibarua kwenye mashamba ya kujaribia ngano. Kazi ya baba yake ilikuwa kutembea kati ya mistari mifupi ya ngano akitafuta kutu, ule ugonjwa unaopaka majani rangi ya bati lililooza. Mistari mingi ilikufa. Mara moja moja mmoja ulisimama na ukijani wake, na wataalamu wakaukimbilia na madaftari. Siku kama hiyo mzee alirudi nyumbani akipaza sauti tangu langoni: "Leo tumepata resistant!" Jogoo akachinjwa. Mama Chemutai aliachia masomo darasa la tano na Kiingereza chake chote kingetosha kwenye kiganja, lakini neno hilo alilijua kuliko sisi tuliolisoma vitabuni. Resistant ilikuwa ngano iliyoushinda ugonjwa. Baadaye watangazaji wa vipindi vya kilimo redioni wakamfundisha Kiswahili chake: sugu. Mbegu sugu, mahindi sugu, ng'ombe sugu. Kwamba kwenye taarifa ya habari sugu ni jambazi aliyeshindikana, hilo halikumsumbua, maana habari za majambazi alikuwa hazisikilizi.

Mama yao alipofariki, Jepchumba alikuwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake Kipruto alikuwa bado anabebwa. Akambeba. Alipoolewa na Kimaiyo akaenda naye hivyo hivyo, mgongoni, na Kimaiyo, Mungu amrehemu, hakusema neno. Kimaiyo alikufa kwa ugonjwa wa kifua wakati Chemutai hajaanza shule. Mjane akabaki na ploti, vyumba vitano vya mabati, binti, na mdogo wa kiume aliyekula kama watu wawili. Akaanza kufuga kuku. Kwa mayai ya hao kuku Kipruto alisoma hadi chuo akatoka na cheti cha afya ya mifugo, akafungua agrovet pale kwenye njia panda, duka zuri la dawa za mifugo lenye rafu za vioo. Siku ya kufungua mchungaji aliomba, na Mama Chemutai akalia mpaka kitambaa chake kikalowa, nikampa cha kwangu.

Tangu siku hiyo hakuna kitu kilichoingia kwenye banda lile ambacho hakikutoka mkononi mwa Kipruto. Kila Jumatatu alitia unga wa manjano kwenye maji ya kuku. Si kwamba kuku walikuwa wagonjwa. Kipruto alimwambia kwamba ukingoja waugue utakuwa umechelewa, na ya kwamba dawa hiyo huongeza mayai. Akaiita chanjo ya Jumatatu, ingawa haikuwa chanjo hata kidogo. Mbolea ilitoka bandani ikiwa bado na unyevu, ikaenda moja kwa moja kwenye matuta ya sukuma, managu na dania. Na maji ya kumwagilia aliyavuta kwa pampu ya miguu kutoka mtaro ulio nyuma ya ploti zetu.

Huo mtaro sina haja ya kuupamba. Unabeba maji ya vyoo, ya watu wanaochinja kuku kwa hoteli, ya kliniki mbili za juu na ya nguo za mtaa mzima. Dereva wa gari la kunyonya choo akiona uvivu wa kwenda mbali, naye humwaga humo. Niliwahi kumwambia Mama Chemutai kwamba unanuka.

"Wangare, sukuma haina pua," akanijibu. "Na wewe huwa unakula na haujakufa."

Ni kweli nilikuwa nakula. Majani yake yalikuwa mapana na meusi, na dania yake ilinukia mpaka barabarani.

Miaka miwili iliyopita wakaja watu wa utafiti kutoka chuo kikuu. Kiongozi wao alikuwa msichana mmoja mwembamba aliyeitwa Lynn, mwenye gambuti kubwa kuliko miguu yake. Walichota maji ya mtaro kwa chupa ndogo, wakachukua mbolea, wakachukua majani, wakapitisha vijiti vya pamba mahali ambapo kuku hawapendi kupitishiwa kitu. Walipima mashamba mengi kando ya mtaro ule. Lynn alikunywa chai kwa Mama Chemutai mara tatu na akaahidi kwamba majibu yatarudishwa kwa wenye mashamba, na sitamsingizia, aliyarudisha. Waliita mkutano kwenye ukumbi wa kanisa, siku ya Alhamisi. Alhamisi ndiyo siku ya Mama Chemutai ya kupeleka mayai mjini, basi akamtuma Kipruto amwakilishe.

"Huyu ndiye anajua hiyo Kiingereza yao," alisema kwa fahari. "Mimi ningeenda tu kula chapati."

Kipruto alirudi saa kumi alasiri na karatasi imekunjwa mkononi. Nilikuwa nje ya chumba changu napindia sketi ya shule. Dada yake alimkimbilia kabla hajafunga geti.

"Wamesema nini?"

"Wamesema mambo mengi, sister. Ati shamba yako ndiyo iko na resistance ya juu kushinda zote walipima."

"Kushinda zote?"

"Zote."

Vigelegele alivyopiga viliwatoa wapangaji wote nje. Alimtaja baba yake, akasema mzee angekuwepo leo angechinja ng'ombe, si jogoo. Akanikumbatia mimi na sketi na sindano. Nilimwona Kipruto akifungua mdomo, kisha akaufunga. Nilidhani kaguswa na furaha ya dada yake. Karatasi akairudisha mfukoni, akasema ataiweka vizuri dukani isipotee.

Nami nina kidato cha nne. Nilijua kabisa kwamba resistance ni lazima iwe ya kitu fulani dhidi ya kitu fulani, na swali la "ya nani, dhidi ya nini?" lilikuwa pale pale kwenye ulimi wangu. Sikuliuliza. Nilikuwa na sketi kumi na mbili za kumaliza.

Wiki iliyofuata Mama Chemutai akataka ubao. Kipruto akaja Jumamosi na ndoo ya rangi ya kijani, akapiga magoti mbele ya geti, akaandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi nzuri za mtu aliyesoma: SHAMBA SUGU. MAYAI, MBOGA, MBOLEA. Alimaliza akarudi nyuma kutazama kama herufi zimenyooka. Dada yake akamletea mursik, maziwa yale ya kibuyu, kwenye kikombe kikubwa, akanywa wote.

Kwa miaka miwili mtaa mzima ulimfahamu kwa jina hilo. Akina mama wenye watoto wachanga walipitia kwake wakiacha vibanda vitatu njiani, kwa sababu mboga yake ilikuwa imepimwa na chuo kikuu. Hivyo ndivyo alivyowaambia, na aliamini kila neno.

Mwaka huu mwezi wa pili Chemutai akaja kujifungua. Ameolewa Elburgon, na mumewe Hezekiah anafanya kazi kwenye mashine ya kupasua mbao. Walikubaliana kwamba mimba ya kwanza aje kwa mama. Alijifungua salama, msichana mwenye nywele nyingi, na Mama Chemutai akaanza kumlisha binti yake utadhani anamtayarisha kwa maonyesho ya kilimo. Mayai asubuhi. Sukuma mchana. Kachumbari ya nyanya na dania mbichi, iliyochumwa hapo hapo na kusuuzwa kwa maji kidogo, kwa sababu Chemutai tangu utotoni hawezi kula ugali bila dania.

Wiki ya tatu Chemutai akaanza kutetemeka. Homa, maumivu ubavuni, mkojo unaochoma. Duka la dawa la hapa mtaani likampa vidonge vya siku tano. Homa ikashuka siku moja, ikapanda tena kuliko mwanzo. Tukampeleka hospitali mjini, akalazwa, akachomwa sindano asubuhi na jioni. Siku ya tatu ya sindano Chemutai hakumjua mtoto wake. Nilimweka kifuani pake akamtazama kama kifurushi cha mtu mwingine, na hapo nikaogopa kikweli, kwa sababu nimezika watu na ninajua sura ya mtu anayeondoka.

Daktari aliyekuwa zamu aliitwa Kinyanjui, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Walikuwa wamepeleka mkojo na damu ya Chemutai maabara, wakawapanda wadudu wa ugonjwa wake kwenye kisahani na kuwawekea dawa tisa, moja moja, waone ipi itawaua. Majibu yalipotoka alituita mimi na Mama Chemutai kwenye kona ya korido. Mtoto nilikuwa naye mgongoni.

"Mama, tumepata majibu," akasema. "Shida ni kwamba hii ni resistant sana."

Mama Chemutai akafumba macho. Uso wote ukalegea kwa raha.

"Asante Yesu," akasema. "Si nilijua! Hata shamba yangu ilipimwa na university ikapatikana resistant kushinda zote. Na huyu msichana amekula hiyo chakula tangu aje. Sasa mnamwachilia lini?"

Daktari akanitazama mimi. Nilitamani sakafu ipasuke. Kwa mara ya kwanza nikaliuliza lile swali kichwani mwangu, miaka miwili nikiwa nimechelewa, na jibu likaja lenyewe.

"Mama," Kinyanjui akasema polepole, "si msichana ndiye resistant. Ni wadudu. Wadudu ndio wamekuwa sugu. Ni dawa imeshindwa."

"Wadudu?"

"Dawa nane kati ya tisa, hawazisikii kabisa."

Mama Chemutai akauliza kama mkulima anavyouliza, wadudu hao walijifunzia wapi. Na daktari, ingawa wagonjwa walimsubiri, alimjibu, na kwa hilo nitamheshimu daima. Alisema dawa ikiingia mahali kidogo kidogo, kwenye maji ya kuku, kwenye mtaro, kwenye maji ya kliniki, haiui wote. Wanyonge wanakufa, na wale wenye mbinu ya kuishi nayo wanabaki na nafasi yote ni yao. Mbinu yenyewe imeandikwa ndani ya mdudu, kitu kidogo kinachoitwa jeni.

"Na hawangoji kuzaa ndio warithishane," akasema. "Mmoja anamgusa mwenzake, anampea nakala ya hiyo jeni. Kama vile wewe unapitisha mche wa managu juu ya ua kwa jirani. Wewe unabaki na yako, na jirani ako na yake."

"Hata kama huyo mwingine ni wa kabila ingine?"

"Hata kama ni wa aina ingine kabisa. Yule wa kuku, ambaye hana shida na wewe, anampea yule wa kumgonjesha mtu. Mahali pachafu ndio wanakutana wengi. Mtaro ni soko yao."

"Na shamba ikisemwa iko na resistance ya juu kushinda zote?"

Daktari aliuliza nani alipima, na kama waliacha karatasi.

"Waliacha. Ndugu yangu alinisomea."

"Basi umwambie akusomee tena," akasema. "Yote." Halafu akaongeza, nami nanukuu kwa sababu maneno haya yalitumika baadaye vibaya: "Lakini mimi siwezi kukuambia hawa wametoka kwako. Anaweza kuwa aliwapata kliniki, ama choo, ama mahali pengine. Hakuna mtu atakuja kujua."

Ilibaki dawa moja, ya kupitia mshipani kwa siku kumi na nne. Hezekiah alifika kutoka Elburgon na unga wa mbao bado nyusini, akakaa kando ya kitanda. Dripu ilipoanza kudondoka, Mama Chemutai akanishika mkono akaniambia twende.

Tulimkuta Kipruto dukani kwake akipimia mteja chakula cha kuku. Mama Chemutai alingoja mpaka mteja akaondoka. Hakupaza sauti.

"Kipruto, leta ile karatasi."

Hakuuliza karatasi gani. Hilo ndilo lililoniuma kabla ya mengine yote. Miaka miwili imepita, duka limejaa makaratasi ya kila kampuni ya dawa, na mtu huyu aliinama chini ya kaunta akaitoa papo hapo, ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, safi.

"Soma, Wangare," Mama Chemutai akasema.

Nikasoma kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Ilisema maji ya mtaro na mbolea ya kuku ya shamba hili vina bakteria wasiosikia dawa nyingi, zikiwemo dawa za kutibu watu. Ilisema mkulima asimwagilie mboga za majani kwa maji ya mtaro. Mbolea irundikwe na ikae miezi kadhaa iive kabla ya kwenda shambani. Dawa isitiwe kwenye maji ya kuku kama hakuna ugonjwa na hakuna daktari wa mifugo aliyeagiza. Mboga zioshwe vizuri kwa maji safi na zipikwe. Chini kabisa palikuwa pameandikwa kwamba haya yote yameelezwa kwa mwakilishi wa mkulima na ameyaelewa, na pembeni palikuwa na sahihi. Herufi zilinyooka vizuri.

"Sister, ulipiga vigelegele," Kipruto akasema. "Nilikuwa nataka kukuambia, na wewe ukaanza vigelegele."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake ulikuwa umeshaambia kanisa."

"Na hiyo Jumamosi ukipaka rangi? Nilikuwa napiga vigelegele?"

Akaanza kuokota punje za mahindi kwenye mizani, moja moja. "Ungeacha dawa, na wengine wote wangeacha. Si unajua watu huku wanakuangalia wewe? Hii duka ingefungwa. Hii duka ni yako pia, sister. Na hakuna mtu anaweza kusema hiyo ugonjwa imetoka kwako. Hezekiah amenipigia simu, ameniambia vile daktari alisema. Hakuna mtu atakuja kujua."

Pazia la nyuma ya duka likasogezwa, akatoka mkewe, mwanamke mpole ambaye sijawahi kumsikia akimkatiza mumewe. Alikuwa analia.

"Mwambie na hiyo ingine," akasema.

"Nyamaza, mama," Kipruto akamwambia.

"Basi nitamwambia mimi." Akamgeukia Mama Chemutai. "Dada, sisi hatujakula mboga yako tangu hiyo siku ya mkutano. Alinikataza. Alisema hata nisiioshe kwa beseni ya vyombo. Ile mfuko unatuletea kila Jumapili, mimi hupelekea nguruwe za jirani."

Kila Jumapili, kwa miaka miwili. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsaidia kuufunga mfuko huo, na alikuwa akichagua majani makubwa zaidi, akisema ndugu yake anapenda mboga.

Mama Chemutai akakaa juu ya gunia la chakula cha kuku. Nilitaka aruke, amrarue, avunje vile vioo vya rafu. Mimi mwenyewe mikono iliniwasha, na kama si mtoto mgongoni ningeanza. Yeye alimtazama tu ndugu yake.

"Nilikutoa Njoro kwa huu mgongo," akasema. "Ukajua chakula iko na shida, ukawakinga nayo watoto wako. Mimi na wangu ukatuacha tukule."

Mteja mwingine aliingia akiulizia dawa ya kupe, na sisi tukatoka.

Dawa ilifanya kazi. Siku ya nne homa ilishuka na haikupanda tena, siku ya sita Chemutai akaomba mtoto wake kwa jina. Nilishukuru, naendelea kushukuru, na Kinyanjui nimemshonea shati. Tulipofika nyumbani Mama Chemutai aling'oa ule ubao kwa nyundo. Akaacha unga wa manjano, akarundika mbolea kwenye kona, akaacha kuvuta maji ya mtaro. Nikamwambia sasa awaambie wateja. Akasema ndiyo, atawaambia. Siku ya kwanza nilimsikia akimwambia mama mmoja mwenye mtoto mchanga kwamba shamba limepumzika. Siku ya pili akasema kuna ukame. Nilimfuata jikoni nikamuuliza anaficha nini, si yeye aliyekosa.

"Nikiwaambia kuhusu karatasi, watauliza nani aliisoma," akasema, na hakunitazama. "Kipruto ana watoto wanne, Wangare."

Nilimkasirikia kwa namna ambayo sikuwahi kumkasirikia kwa ajili ya mkasi. Wale akina mama walimwamini jinsi yeye alivyomwamini ndugu yake. Nikamwambia hivyo. Alitoka nje akaenda kuokota mayai.

Jumamosi iliyofuata Hezekiah akaja kumchukua mkewe na mtoto. Lakini kwa mila zao mtoto hawezi kuondoka kwa bibi yake bila mjomba wa mama yake kumshika na kumbariki, hasa kwa kuwa babu yake hayupo. Kipruto alikuwa ametuma ujumbe kuuliza kama aje. Mama Chemutai alimjibu aje.

Tulikaa sebuleni tukimngoja. Chemutai alikuwa amekonda mpaka pete inamtoka, ameketi na mtoto mapajani. Ghafla akasema, "Mama, daktari aliniambia kuna karatasi ya wale watu wa university. Akasema ni anko alikusomea."

"Ndiyo."

"Anko alijua vile ilikuwa inasema?"

Mama Chemutai alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa kimekunjamana. Kisha akasema, kwa ile sauti ya upole anayoitumia kwa kuku:

"Hakujua, mama. Ilikuwa Kiingereza ya wasomi. Hata yeye haikumwingia."

Chemutai akanigeukia. "Anti Wangare, ni hivyo?"

Mimi niliisoma karatasi ile kwa mdomo wangu. Niliiona sahihi. Msichana huyu nilimshika mkono hospitalini siku aliyokuwa akienda zake, na aliniuliza mimi kwa sababu alijua kwamba mimi simwogopi mama yake. Mama yake naye alikuwa ananitazama, na sijawahi kuona macho yakiomba namna ile.

"Ni hivyo," nikasema.

Mlango ukabishwa. Kipruto aliingia akiwa na suti ya kanisani na shali jipya la mtoto, akatusalimia sote kwa majina, na Chemutai akainuka kwa shida akamwekea mtoto mikononi. Akampokea kwa uangalifu, akafumba macho, akaomba kwa sauti kwamba Mungu amkinge binti huyu na kila ugonjwa, na abariki chakula cha nyumba ambamo mama yake alilelewa. Sote tukasema Amina, na ya kwangu ndiyo iliyosikika zaidi.